Filamu za Kuchekesha za Michezo ya Theluji: Je, Zatufaa?

Mtu akiteleza na kuanguka mbele ya wenzake, watu hucheka. Ndivyo ilivyo hapa kwetu Wamaza wakati wa mvua, udongo mwekundu unapolowa na mfanyabiashara anateremka kilima na baiskeli yake iliyojaa bidoni za mawese. Ndivyo ilivyo Ulaya wakati wa baridi, maji ya ziwa yanapoganda yakawa magumu kama jiwe, na bwana mwenye suti nzuri anapoweka mguu juu yake. Kicheko hicho hakuna aliyekifundisha. Hata mtoto asiyejua bado kusema sawasawa hukijua. Lakini kucheka kuna namna nyingi, na kila namna yaonyesha moyo wa anayecheka.

Ndiyo maana tumeona vema, wasomaji wapenzi, kupima pamoja nanyi zile filamu fupi za zamani zinazochekesha kwa michezo ya theluji na barafu. Siku hizi filamu hizo zimefika hata kwetu. Vijana huzibeba katika simu zao, na mwenye kompyuta na betri ya jua huzionyesha jioni kwa watu wa kijiji kizima. Wazee wengine husema: “Hayo ni mambo ya Wazungu. Theluji yatuhusu nini sisi?” Vijana nao hucheka mpaka machozi yawatoke, na ukiwauliza wanacheka nini, hawajui. Wazee wana haki ya kuuliza, na vijana wana haki ya kucheka. Lakini yafaa wote wafikiri kidogo.

Kwanza tuseme maneno machache juu ya theluji yenyewe, maana asiyeijua hawezi kuielewa filamu vizuri. Theluji si hadithi ya mbali tu. Katika nchi yetu wenyewe, mpakani na Uganda, milima ya Ruwenzori ina theluji na barafu, ingawa iko karibu kabisa na ikweta. Kilele chake kirefu, Margherita, kina mita 5,109. Lakini kutoka Wamaza hadi huko ni safari ndefu, na wengi wetu hatujaiona barafu ila ile ya kupozea vinywaji mjini. Basi mfikirie udongo wa mfinyanzi uliolowa, utelezi wake mkauzidishe mara nyingi. Juu ya utelezi huo watu wa nchi za baridi hucheza. Wengine hufunga chini ya viatu mbao mbili ndefu na nyembamba, wakateremka mlima wenye theluji. Wengine huvaa viatu vyenye chuma chembamba chini yake, mfano wa kisu, wakazunguka juu ya barafu. Wengine hucheza kwa magongo, timu kwa timu, wakipiga kipande cha mviringo cha mpira mgumu mpaka kiingie golini. Michezo hiyo ina sherehe zake za mataifa, Olimpiki za majira ya baridi, zilizoanza Chamonix, Ufaransa, mwaka 1924.

Sasa tuzitazame filamu zenyewe, moja moja.

Ya kwanza ni ya zamani sana. Ilitolewa mwaka 1897 na ndugu wawili Wafaransa, Auguste na Louis Lumière, wale waliowaonyesha watu wa Paris sinema mwaka 1895. Haina sauti, wala haifiki dakika moja. Twaona njia yenye theluji, na watu wazima, wanaume kwa wanawake, wanatupiana madonge ya theluji kama watoto. Kisha anakuja mtu juu ya baiskeli. Hana ugomvi na mtu, anapita tu. Mara wote wanaacha kupigana wao kwa wao na kumpiga yeye. Anaanguka, kofia yake yaruka. Anainuka, anaishika baiskeli yake, na kurudi upesi kule alikotoka. Kofia yabaki chini.

Filamu hii na nyingine tutakazozitaja tumezionyesha hapa kwetu kwa jioni kadhaa, watoto wakikaa chini mbele, wazee kwenye viti nyuma. Filamu hiyo ya kwanza ilipokwisha, wote walicheka, na vijana wakaomba irudiwe. Mama mmoja mzee peke yake hakucheka. Aliuliza: “Na huyo mwenye baiskeli, nani alimwinua? Na kofia yake je?” Watu wakamcheka na yeye pia. Lakini sisi twaona kwamba mama huyo aliuliza swali bora kuliko yote tuliyoyasikia juu ya filamu hizi, nasi tutalitumia kama kipimo. Katika kila filamu tutauliza: nani anaanguka, kwa sababu gani, na nani anamwinua?

Katika filamu ya ndugu Lumière jibu ni wazi. Anayeanguka ni mpita njia asiye na kosa. Ameanguka kwa sababu wengi wamemwonea mmoja. Hakuna aliyemwinua. Kama picha, filamu hiyo ni nzuri sana: mambo yanaenda kwa haraka, macho hayachoki, na hakuna kilichozidi wala kilichopungua. Lakini kicheko chake ni cha kundi lililopata mtu wa kumchezea. Tunakijua kicheko hicho. Tumekisikia shuleni, mtoto aliyehamia kutoka kijiji kingine anaposema neno kwa lafudhi ya kwao. Tumekisikia kisimani, mama aliyekimbia vita na kuja kwetu bila kitu anapokosea desturi ya mahali. Watu wanasema, “Tulikuwa tunacheka tu.” Ndiyo, na kofia yake imebaki chini.

Ya pili ni ya mwaka 1907, kazi ya kampuni ya Pathé ya Ufaransa. Mchezaji wake ni Max Linder, mmoja wa wachekeshaji wa kwanza wa sinema waliojulikana nchi nyingi. Max ni bwana wa mjini, kavaa kofia ndefu nyeusi na nguo za heshima, kama mtu anayekwenda arusini. Anavaa viatu vya chuma, anaingia kwenye barafu, na hapo miguu yakataa kumtii. Anaanguka, anainuka, anaanguka tena. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1910, alitoa filamu nyingine ya namna hiyo, mara hii akiwa na mbao za kuteremkia theluji.

Hapa kicheko kimebadilika. Max si mpita njia. Amekuja kwa hiari yake, na mavazi yake yamesema kabla ya kinywa: “Mimi ni bwana, nayaweza yote.” Barafu haisomi mavazi. Haiulizi mtu ni nani, baba yake ni nani, ana fedha ngapi. Yule anayejua kusimama husimama, na asiyejua huanguka. Kwa hiyo tunapomcheka Max hatumcheki kwa sababu hajui. Kila mwanafunzi hajui siku ya kwanza. Tunacheka kwa sababu amekuja kujifunza akiwa amevaa nguo za mtu aliyekwisha kujua. Wangapi kati yetu tumewaona wa namna hiyo! Mtu amekaa mjini miezi miwili, amerudi na miwani myeusi, hataki tena kushika jembe. Na siku anaposhika, jembe lamshika yeye. Kicheko cha namna hii ni dawa. Kina uchungu kidogo, lakini hakimwui mtu.

Ya tatu haina theluji, lakini ni ndugu ya hizo nyingine, maana mchezo wake ni ule ule wa kuteleza, ila kwa viatu vya magurudumu madogo juu ya sakafu. Ni filamu ya Charlie Chaplin ya mwaka 1916. Chaplin mwenyewe alimheshimu Max Linder kama mwalimu wake. Katika filamu hii Chaplin ni mtumishi wa hoteli. Mteja mmoja mnene, mkali, mwenye ndevu, amemaliza kula na anataka hesabu. Chaplin anamtazama usoni na kifuani, anasoma madoa ya chakula aliyojimwagia, doa moja baada ya lingine, na kuyaandika yote kwenye hesabu. Wazee wetu walipoona jambo hilo walipiga makofi. Hakukuwa na haja ya mkalimani.

Kisha mambo yahamia kwenye ukumbi wa kutelezea. Hapo twaona ajabu. Yule mtumishi mdogo, maskini, ndiye anayejua kuteleza kuliko wote. Anazunguka kama ndege. Na yule bwana mnene mwenye sauti kubwa ndiye anayeanguka, tena na tena, pamoja na wote wanaomshika. Chaplin ameugeuza mchezo wa Max: sasa mdogo anasimama, mkubwa yuko chini. Asiye na kitu ana ufundi wa miguu yake, na huo hakuna awezaye kumnyang’anya.

Hata hivyo tusiseme kwamba Chaplin katika filamu hiyo ni mtu mwema kabisa. Anajidai kuwa bwana mkubwa mwenye cheo ili apendeze mbele ya msichana. Anadanganya, anapiga watu mateke, na mwishoni anaponyoka kwa kuikamata motokaa inayopita kwa ndoano ya bakora yake. Mzazi anayeionyesha kwa watoto aweza kuwaambia: ufundi wake mwuige, uongo wake mwuache. Lakini kama kazi ya sanaa, kati ya filamu zote tunazozitaja hapa, hii ndiyo iliyotengenezwa kwa akili nyingi zaidi. Kila kuanguka kuna sababu yake, na kila sababu umeiona mapema kwa macho yako.

Sasa tuje kwenye filamu za kuchorwa za Walt Disney wa Marekani. Tutataja tatu.

Mwaka 1939 alitoa filamu ya Donald, bata mwenye hasira, akicheza kwa gongo juu ya barafu. Donald anajiona bingwa. Anajionyesha peke yake, anazunguka kwa madaha akimwiga Sonja Henie, yule msichana wa Norwe aliyeshinda Olimpiki mara tatu, 1928, 1932 na 1936. Kisha awadharau wapwa zake watatu, awaambia hawajui kucheza, na kuwaalika washindane naye. Mwisho wake mwaweza kuukisia: watoto wamshinda. Mafundisho yake ni rahisi, nayo ni yale yale ya hadithi zetu za sungura na wanyama wakubwa. Watoto wanaipenda sana. Sisi twaiona nzuri, ingawa kelele zake ni nyingi.

Mwaka 1941 alitoa nyingine, ya Goofy, mhusika mwenye umbo la mbwa aliyevaa kama mtu, anayejifunza kuteremka mlima kwa mbao. Iliongozwa na Jack Kinney, nayo yachukua karibu dakika nane. Uzuri wake uko katika sauti. Kuna msemaji asiyeonekana, mwenye sauti nzito ya profesa, anayeeleza mchezo kwa maneno makubwa na ya heshima: hivi ndivyo mtu avaavyo, hivi ndivyo asimamavyo, hivi ndivyo ageukavyo. Na wakati sauti hiyo yaeleza, Goofy anafanya kinyume chote. Amekwisha kufunga mbao miguuni kabla ya kuvaa suruali, na sasa anahangaika namna ya kuivaa. Sauti haimwoni. Yaendelea tu kueleza. Anapoanguka hupiga ukelele mrefu wa kuimba, na wanaojua habari husema ukelele huo ulitoka kwa Hannes Schroll, Mwaustria aliyekuwa bingwa kweli wa kuteremka theluji.

Kwa kuwa msemaji anasema Kiingereza, ilitubidi tusimame kando ya picha na kuyafasiri maneno yake. Kwa kweli kazi hiyo ilitufundisha kitu. Tulipokuwa tunatoa maneno makubwa ya profesa kwa Kiswahili, watu walikuwa wanatutazama sisi na Goofy kwa zamu, wakicheka. Basi sisi tulio walimu na makatekista twapaswa kuipenda filamu hii kuliko wengine, maana yatusema sisi. Ni rahisi kueleza kwa sauti nzuri namna ya kusamehe, namna ya kufunga, namna ya kulea watoto. Wanaotusikiliza wanatazama pia miguu yetu. Katika filamu hii anayeanguka ni Goofy, lakini anayechekwa hasa ni yule anayesema bila kutazama. Huo ni ufundi mkubwa, kumchekesha mtu juu ya sauti ambayo hata haina mwili wa kuanguka.

Ya tatu ilitoka mwezi wa Septemba 1945, majuma machache baada ya vita kuu kwisha, nayo pia yaongozwa na Kinney. Ni mchezo wa magongo juu ya barafu, na wachezaji wote wana sura ya Goofy. Wawili kati yao, Bertino na Ferguson, wanaadhibiwa kwa kupigana na kuketishwa nje. Muda wa adhabu ukiisha wanatoka, na kabla hawajagusa mchezo wanapigana tena, wanarudishwa tena. Hivyo hivyo mpaka mwisho. Kumbe mwisho wenyewe ni mbaya zaidi: watazamaji wote wanashuka uwanjani na kupigana, na wachezaji wamekwenda kuketi mahali pa watazamaji, wakiwatazama.

Kama picha, hii ni dhaifu kuliko ile ya 1941. Picha zapita mbio kupita kiasi, na mwishoni wamechomeka vipande vya filamu nyingine ambavyo havina uhusiano na mchezo, jicho lachoka. Lakini lile wazo la mwisho ni kali na la kweli. Nani kati yetu hajaona mechi ya mpira kati ya vijiji viwili iliyokwisha namna hiyo? Wachezaji wameshapeana mikono, watazamaji bado wanatafutana kwa fimbo. Tulipoionyesha, vijana walianza kucheka kwa nguvu, kisha kicheko kikapungua, wakaanza kutazamana. Filamu inayoweza kupunguza kicheko kwa njia hiyo si upuzi mtupu.

Hapa yafaa kugusa historia yetu wenyewe, maana swali la nani anamcheka nani halikuanza leo. Kabla ya uhuru wa mwaka 1960, serikali ya Wabelgiji haikuwaruhusu Wakongo kutazama filamu zote. Filamu ilipaswa kupita kwanza mbele ya tume, na nyingi zilizoonyeshwa kwa Wazungu zilikatazwa kwa Waafrika. Upande wa Waingereza palikuwa na William Sellers, kiongozi katika idara ya filamu za makoloni iliyoundwa London mwaka 1939. Yeye alifundisha kwamba Mwafrika hawezi kuelewa picha zinazobadilika upesi. Lazima filamu zake ziwe za polepole na rahisi, bila ujanja wowote. Lakini katika makoloni hayo hayo ya Waingereza magari ya sinema yalionyesha filamu fupi za Chaplin, zenye mbio na ujanja wa kila namna, na watu wakazielewa na kuzipenda. Na wale wazee wetu waliopiga makofi kwa sababu ya madoa ya chakula wamemjibu Bwana Sellers vya kutosha.

Mapadri nao walitengeneza filamu kwa ajili ya Wakongo. Huko Kasai, miaka ya 1950, Padri Albert Van Haelst wa shirika la Scheut alitengeneza filamu za kuchekesha za Matamata na Pilipili, mmoja mnene, mwingine mwembamba, mfano wa Laurel na Hardy wa Marekani. Zilipendwa sana, na mwaka 1996 Mbelgiji Tristan Bourlard alitengeneza filamu ya kueleza habari zao. Twamshukuru padri huyo kwa kuwa aliona kwamba Mkongo aweza kuwachekesha Wakongo kwa lugha na sura za kwao. Lakini filamu zote za wakati ule, za serikali na za misioni, yatupasa kuzipima kwa kipimo kile kile cha mama yetu. Mwafrika anapoanguka katika picha, je, aanguka kwa kiburi chake kama Max, au kwa sababu tu hajazoea vitu vya Wazungu? Max alichekwa na Wafaransa wenzake, tena kwa hiari yake. Mtu akichekwa na anayemtawala, kwa kosa la kutojua kitu ambacho hakufundishwa, huyo ni mwenye baiskeli wa mwaka 1897.

Wengine watauliza: je, Mwafrika juu ya theluji si kichekesho tayari? Swali hilo lilijibiwa mbele ya ulimwengu wote mwezi wa Februari 1998, huko Nagano, Japani, kwenye Olimpiki za majira ya baridi. Philip Boit, mkimbiaji wa Kenya kutoka upande wa Eldoret, alishiriki mbio za kilomita 10 kwa mbao juu ya theluji. Miaka miwili tu kabla ya hapo alikuwa hajaiona theluji. Alikuwa amepelekwa Finland kujifunza, na gharama zililipwa na kampuni ya viatu ya Nike ya Marekani; wako waliosema kwamba ni tangazo la biashara tu, kwamba ameletwa ili watu wacheke. Picha zake zilionyeshwa na televisheni za nchi nyingi.

Mshindi alikuwa Bjørn Dæhlie wa Norwe. Alipomaliza, Boit alikuwa bado nyuma sana. Zilipita kama dakika 20. Mbele yake walikuwa wamemaliza watu 91, naye akaja wa 92, wa mwisho, akisukuma mbao zake katika theluji iliyolowa. Kwa desturi ya mambo, mshindi wakati huo angekuwa anajitayarisha kupokea medali yake. Lakini Dæhlie alikuwa bado amesimama palepale mwisho wa njia, akimngoja. Boit alipovuka mstari, Dæhlie alimkumbatia. Baadaye Boit alimpa mwanawe jina la Dæhlie. Naye hakuacha mchezo. Alirudi kwenye Olimpiki za mwaka 2002 na 2006.

Tazameni sasa. Mtu mgeni, mahali pa wageni, juu ya utelezi ule ule, mbele ya macho ya watu wengi. Vitu vyote vya ile filamu ya kwanza vipo, hata theluji ipo. Kimeongezeka kitu kimoja tu: mmoja amengoja. Na huyo aliyengoja ndiye aliyekuwa na haki kuliko wote ya kujiona mkubwa. Yule anayejua kweli kazi ilivyo ngumu hamcheki anayeianza. Wanaocheka sana ni wale ambao hawajawahi kuweka mguu juu ya barafu.

Basi, wasomaji wapenzi, je, filamu hizi zatufaa? Sisi twajibu: zatufaa, ila zionyeshwe kwa akili. Kwa wale wanaoonyesha picha vijijini na katika vikundi vya vijana, twaomba mambo matatu.

Kwanza, chagueni. Ya Chaplin ya 1916 na ya Goofy ya 1941 zifaa kwa watu wote. Ya Max ni fupi na nzuri kwa kuanzia jioni. Ya Donald ni ya watoto. Ya 1945 ifaa kwa vijana, hasa kabla ya mechi kubwa.

Pili, msizime mashine na kuwaacha watu waende zao. Ulizeni lile swali: nani ameanguka, kwa nini, na nani amemwinua? Mtashangaa kusikia majibu. Hata wale wasiosema kamwe katika mikutano, watasema, maana jambo la kuanguka kila mtu analijua. Ni vizuri zaidi kuuliza kwa lugha ya nyumbani, Kibangubangu au Kizimba, ili wazee wasibaki nyuma.

Tatu, ile filamu ya mwaka 1897 msiifiche. Wako watakaosema kwamba ni mbaya kwa kuwa yafundisha kuonea. Hapana, yatuonyesha tulivyo tukiwa wengi na yeye akiwa mmoja. Ionyesheni mara mbili. Mara ya kwanza waacheni watu wacheke wapendavyo. Mara ya pili waambieni wasitazame wanaotupa theluji, wamtazame mwenye baiskeli tangu anapotokea mpaka anapoondoka. Tumejaribu njia hiyo. Mara ya pili kicheko ni kidogo, na daima kuna mtoto mmoja anayeonyesha kwa kidole ile kofia iliyobaki chini.

Wakati wa mvua u karibu, na njia ya kwenda Kasongo itateleza kama kila mwaka. Wenye baiskeli wataanguka, na mawese yatamwagika. Tutacheka, maana sisi ni watu. Tukiisha kucheka, tumshike mwenzetu mkono, tumwokotee na bidoni zake.